Fangasi wa Kinywa: Msaada wa Mimea na Mpaka Wake

Utando mweupe juu ya ulimi, kama maziwa yaliyoganda, familia nyingi zimeuona: kwa mtoto mchanga, kwa bibi mwenye meno ya bandia, au kwa mgonjwa aliyemaliza dozi ndefu ya antibiotiki. Wengi wetu hukimbilia jikoni kwanza. Anayeamini karafuu hutafuta karafuu, mwingine limau, mwingine kitunguu saumu au mafuta ya nazi. Imani hiyo ina msingi, kwa sababu mimea hii imepimwa maabara na kuonekana ikiua fangasi au kumzuia asikue. Lakini iko mimea inayounguza kinywa, iko inayomdhuru mtoto, na yako magonjwa ambayo mmea hauyafikii.

Mwongozo huu utakusaidia kuutambua ugonjwa, kuchagua mmea na kuutumia bila kujidhuru, na kujua wakati wa kuondoka jikoni kwenda zahanati. Shika hili tangu mwanzo: mmea ni kinga nzuri na ni msaidizi wa tiba, lakini fangasi akistawi kinywani ipo sababu iliyomstawisha, na ni lazima itafutwe.

Mjue fangasi mwenyewe

Mara nyingi mhusika ni Candida albicans, kiumbe mdogo wa jamii ya hamira. Huishi vinywani mwa watu wengi wenye afya na hawadhuru. Mate humwosha, bakteria wazuri humnyima nafasi, na chembe za kinga humzuia asivuke mpaka. Ulinzi huo ukilegea, hubadilika umbo. Badala ya kubaki kidonge cha duara, huota nyuzi zinazopenya ngozi laini ya kinywa. Hujijengea pia utando unaonata kwenye ulimi na kwenye meno ya bandia, na dawa huupenya kwa shida.

Walio hatarini zaidi ni hawa:

- watoto wachanga, kwa kuwa kinga yao haijakomaa;
- wazee wenye meno ya bandia, hasa wanaolala nayo;
- wenye kisukari kisichodhibitiwa;
- wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka;
- wanaotumia dawa ya pumu ya kuvuta yenye steroidi;
- waliotumia antibiotiki kwa muda mrefu;
- wanaotibiwa saratani;
- wenye kinywa kikavu, na wavutaji wa sigara.

Dalili hazifanani kwa wote. Yapo mabaka meupe yanayofutika kwa kitambaa chenye unyevu, na chini yake pakabaki pekundu, pengine pakitoa damu kidogo. Kuna ulimi mwekundu unaowaka moto kila ukila pilipili au chai ya moto. Kuna wekundu wa kaakaa palipokaa meno ya bandia, ambao mara nyingi hauumi, na ndiyo maana wazee wengi hawaujui. Kuna pia michaniko kwenye pembe za mdomo isiyopona kwa mafuta ya kawaida.

Kwa nini mmea huweza kumwumiza fangasi

Mimea nayo hushambuliwa na fangasi, shambani na udongoni, na hutengeneza kemikali za kujilinda. Nyingi kati ya hizo ndizo zinazotoa harufu kali tunayoijua jikoni: eujenoli ya karafuu, sinamaldehaidi ya mdalasini, sitrali ya mchaichai, timoli ya zaatari. Kemikali hizi huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo huingia kwa urahisi kwenye ngozi nyembamba inayoizunguka seli ya fangasi. Ngozi hiyo hushikiliwa na mafuta yaitwayo ergosteroli. Ikivurugwa, huvuja kama mtungi wenye ufa, na fangasi hufa au hushindwa kukua.

Seli zetu hazina ergosteroli, zina kolesteroli. Dawa za hospitali zimeundwa kutumia tofauti hiyo. Nistatini hung'ang'ania ergosteroli, na flukonazoli humzuia fangasi asiitengeneze. Kemikali ya mmea haina uchaguzi mkali kiasi hicho. Ikiwa nzito mno huunguza pia ngozi yako. Ukisikia karafuu au kitunguu saumu kinachoma, jua seli zako mwenyewe ndizo zinazoumia.

Kumbuka pia tofauti ya maabara na kinywa. Ndani ya chupa ya maabara, fangasi hukaa na kemikali kwa saa nyingi bila kusumbuliwa. Kinywani, mate huiosha katika dakika chache. Kwa hiyo mmea ulioua fangasi kwenye chupa unaweza kushindwa kumtoa kwenye ulimi wa mgonjwa. Majaribio kwa watu ndiyo yenye uzito, na kwa mimea mingi ni machache na madogo.

Mimea ya kuaminika, na jinsi ya kuitumia

*Karafuu.* Eujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi kutuliza maumivu na kuchanganyia dawa za kuzibia meno. Huko Pemba, kiwanda cha Wawi hutoa mafuta kwa mvuke kutoka kwenye makonyo na majani ya mkarafuu, kwa hiyo mafuta yenyewe hayako mbali nasi. Ila ni makali. Yasiyochanganywa huunguza fizi na ulimi, na mtoto akimeza kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai anaweza kuharibika ini na kupoteza fahamu. Yaweke juu, mbali na mkono wa mtoto.

Kwa kinywa, maji ya karafuu yanatosha. Chukua punje tano au sita, zitie kwenye glasi ya maji yaliyochemka, funika kwa robo saa, chuja, acha yapoe. Sukutua kwa dakika moja, tema. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, na kila siku tengeneza mapya. Yakichoma, ongeza maji.

*Mswaki.* Mti wa mswaki, Salvadora persica, ni rafiki wa kinywa katika pwani yetu, Somalia, Uarabuni na kwingineko. Mizizi yake ina benzili isothiosayaneti, kemikali kali ya jamii ile inayowasha katika haradali. Mwaka 2006 watafiti wa Tanzania walichapisha matokeo ya kupima mimea zaidi ya hamsini inayotumiwa na waganga wa jadi dhidi ya Candida, na mswaki ulikuwa miongoni mwa iliyoonyesha nguvu. Shirika la Afya Duniani nalo liliwahi kuhimiza matumizi yake kwa usafi wa kinywa.

Tumia kijiti kibichi, chenye harufu. Menya gamba mwishoni, tafuna mpaka nyuzi zilainike, kisha piga mswaki meno yote na fizi kwa upole kutoka kwenye fizi kwenda ncha ya jino. Pitisha na juu ya ulimi kidogo. Kata ncha iliyotumika kila siku na anza mpya. Kijiti kilichokauka na kupoteza harufu husugua tu, kemikali yake imekwisha ondoka. Usiazimane kijiti na mtu.

*Mchaichai na limau.* Hapa tunao ushahidi wa watu wenyewe. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Pretoria, Afrika Kusini, kwa wagonjwa wapatao 90 wanaoishi na VVU wenye fangasi wa kinywa. Kundi moja lilipewa dawa ya zambarau ya kupaka kinywani, jingine juisi ya limau, la tatu mchaichai. Wa limau na mchaichai hawakuwa nyuma ya wale wa dawa ya zambarau. Jaribio lilikuwa dogo na la muda mfupi, lakini lilifanyika kwa wagonjwa wanaofanana na wetu na kwa mimea iliyo uani.

Chemsha mabua mawili au matatu ya mchaichai yaliyopondwa kidogo katika vikombe viwili vya maji, acha yapoe, sukutua, na unaweza pia kunywa. Usitie sukari. Limau linataka uangalifu zaidi kwa sababu asidi yake hula gamba la jino. Kamua nusu limau katika glasi ya maji, sukutua, tema, kisha suuza kwa maji matupu. Ngoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana jino lililolainishwa na asidi hukwanguka upesi. Mwenye vidonda vibichi mdomoni aliache limau kabisa.

*Mafuta ya nazi.* Karibu nusu ya mafuta haya ni asidi ya lauriki, na yana pia asidi ya kapriki kwa kiasi kidogo. Zote mbili zimeonekana maabara zikiharibu Candida. Watafiti wa Ibadan, Nigeria, walichapisha mwaka 2007 vipimo vya maabara vilivyoonyesha kuwa mafuta ya nazi yalizuia aina kadhaa za Candida. Uzuri wake ni upole: hayachomi, na hulainisha kinywa kikavu na pembe za mdomo zilizochanika. Chukua mafuta safi yasiyokaangiwa kitu, kiasi cha kijiko kimoja, yazungushe mdomoni dakika tano hadi kumi, tema kwenye karatasi au jaani, usiteme kwenye sinki. Usiyameze baada ya kuzungusha. Mzee anayepaliwa kwa urahisi asizungushe mafuta mdomoni. Mtu mwingine ampake kwa kidole safi.

*Kitunguu saumu.* Kemikali yake, alisini, haimo kwenye punje nzima. Huzaliwa punje inapopondwa, na moto huizuia isizaliwe. Kwa hiyo kitunguu kilichotupwa kizima kwenye mchuzi hakina alisini ya kutibu kinywa. Maabara imeonyesha nguvu yake dhidi ya Candida, na majaribio madogo huko Asia yameipima kwa wagonjwa. Lakini kibichi kikibandikwa ulimini au kwenye fizi huunguza mpaka kuacha kidonda. Kiponde, kiache dakika kumi, kisha changanya na chakula mwishoni, baada ya kuepua. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au ARV amwambie daktari wake kabla ya kuanza vidonge vya kitunguu saumu, kwa kuwa vinaweza kuvuruga dawa hizo.

*Mdalasini na komamanga.* Mdalasini una nguvu ya wazi maabara. Jaribio la mwaka 1996 kwa wagonjwa watano tu wenye VVU lilionyesha watatu wakipata nafuu. Hiyo ni dalili njema, ila ushahidi haujatosha. Baadhi ya watu ngozi ya kinywa hukataa mdalasini, ikavimba na kuwa nyekundu. Ukiona hivyo, acha. Maganda ya komamanga nayo yamepimwa: huko Brazili mwaka 2003, jeli yake ililinganishwa na mikonazoli kwa watu 60 wenye wekundu chini ya meno ya bandia. Komamanga lilisaidia, mikonazoli ikasaidia zaidi.

*Mwarobaini na mafuta ya mti wa chai.* Majani ya mwarobaini huchemshwa na kusukutuliwa na watu wengi, na matumizi yake yaishie hapo. Mafuta ya mbegu zake ni jambo jingine: watoto wadogo wamewahi kupata sumu kwa kunyweshwa. Mafuta ya mti wa chai, yatokayo Australia na kuuzwa katika baadhi ya maduka ya dawa, yamewahi kusaidia wagonjwa wachache ambao flukonazoli iliwashinda, lakini ni sumu yakimezwa. Usiyachanganye mwenyewe nyumbani.

Panga siku yako

Mmea peke yake haushindi mahali fangasi anapolishwa. Fanya haya pamoja.

Asubuhi, piga mswaki meno na ulimi, kisha sukutua kwa maji ya karafuu au mchaichai. Chagua kimoja, usichanganye vitano. Ukichanganya huwezi kujua kilichokusaidia wala kilichokuunguza.

Mchana, kunywa maji mara kwa mara, kinywa kisikauke. Punguza soda, pipi, na chai ya sukari nyingi, kwa kuwa sukari ndiyo chakula cha fangasi. Sigara na ugoro hudhoofisha kinywa, viache.

Ukitumia dawa ya pumu ya kuvuta, sukutua kwa maji na uteme kila ukimaliza kuvuta. Tumia pia kichupa kinachounganishwa na dawa ya kuvuta (spacer) kikipatikana, kwa sababu hupunguza dawa inayobaki kooni. Usiache dawa ya pumu kwa kuogopa fangasi.

Usiku, vua meno ya bandia. Yasugue kwa brashi na sabuni, yasuuze, yaweke kwenye maji safi. Kinywa kinahitaji kupumzika, na meno yaliyoshikilia utando wa fangasi yataambukiza kinywa upya asubuhi hata kama kimetibiwa.

Ukipona, badilisha mswaki wa dukani.

Mmea pamoja na dawa ya hospitali

Baadhi ya watu hudhani ukichukua dawa ya duka umeidharau ya shamba. Nistatini, dawa ya matone ya fangasi wa kinywa, ilitoka udongoni. Wamarekani wawili, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, waliipata kwa bakteria aliyechukuliwa kwenye udongo wa shamba huko Virginia, wakaitangaza mwaka 1950. Kinachoitofautisha na maji ya karafuu ni kipimo: kila tone lina kiasi kinachojulikana, na madhara yake yamechunguzwa.

Kwa hiyo ukiandikiwa nistatini, itumie kama ulivyoelekezwa, kwa kawaida mara nne kwa siku. Izungushe mdomoni kwa muda mrefu uwezavyo kabla ya kumeza, na usile wala kunywa kwa nusu saa baadaye. Maji yako ya karafuu yatangulie, dawa ifuate, ili usiioshe. Usiishie pale utando ulipotoweka. Endelea angalau siku mbili baada ya dalili kwisha, au mpaka umalize dozi uliyoandikiwa. Flukonazoli ni ya kumeza na huingiliana na dawa nyingine, hivyo mweleze daktari kila unachotumia, pamoja na mimea. Mjamzito asiimeze bila kuandikiwa.

Dawa ya zambarau, inayopakwa sana na akina mama, ni rangi iliyotengenezwa kiwandani na haitokani na mmea. Ikiwa kali huunguza, kwa hiyo tumia ile ya kiwango cha mdomoni uliyopewa na mhudumu, wala si ile ya kupaka vidonda vya ngozi.

Mtoto mchanga

Hapa jiko lifungwe. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, kwa hatari ya sumu ya botulismu. Asipakwe karafuu, kitunguu saumu, limau, mwarobaini wala mafuta yoyote makali. Mafuta ya nazi pia yasimwagwe kinywani mwake, anaweza kupaliwa.

Futa ulimi wake kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Maziwa hutoka mara moja. Fangasi hung'ang'ania, na akitoka huacha wekundu. Ukiona hivyo, peleka mtoto kliniki apewe nistatini. Mama naye aangaliwe chuchu: zikiwa nyekundu, zikiwasha au kuuma wakati wa kunyonyesha, watibiwe wote wawili siku moja, vinginevyo wataendelea kuambukizana. Chemsha chuchu za chupa na vitu anavyotia mdomoni.

Mtoto anayekataa kunyonya, mtazame kinywa kabla ya kusikiliza maneno ya watu. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki huambiwa ana kimeo na hupelekwa kukatwa. Kukata kimeo hakutibu fangasi, na kumesababisha damu nyingi, maambukizi na hata vifo. Tatizo linaloweza kutibiwa kwa matone lisigeuzwe kidonda kooni.

Nenda zahanati, usingoje

Acha majaribio ya nyumbani na uende mara moja ukiona mojawapo ya haya:

- unaumwa ukimeza, au chakula kinakwama kifuani. Fangasi huenda ameshuka hadi kwenye umio, na huko maji ya kusukutua hayafiki;
- una homa, unapungua uzito, au mtoto anashindwa kunywa;
- baka jeupe halifutiki, au kidonda kimedumu zaidi ya wiki mbili. Vidonda vya aina hiyo vinaweza kuwa vya saratani na vinataka kuchunguzwa na mtaalamu;
- umetumia mmea au dawa kwa siku saba bila nafuu;
- fangasi amepona kisha amerudi.

Hilo la mwisho lisipuuzwe. Vilevile, mtu mzima asiyetumia antibiotiki wala dawa ya pumu, asiye na meno ya bandia, akapata fangasi wa kinywa, anahitaji kupima VVU na sukari. Katika ngazi za Shirika la Afya Duniani, fangasi wa kinywa asiyeisha kwa mtu mwenye VVU ni dalili ya hatua ya tatu ya ugonjwa, na akishuka kwenye umio ni ya nne. ARV zikianzwa na kinga ikapanda, fangasi hukosa mahali pa kukaa. Kisukari kikidhibitiwa, sukari ya kwenye mate hupungua. Hakuna karafuu inayoweza kufanya kazi hiyo.

Mtu akikufuata kuomba mti wa kutibu utando mweupe, mpe maji ya mchaichai na umwonyeshe namna ya kusukutua, kisha mwulize anatumia dawa gani, ana meno ya bandia, na lini alipima damu mara ya mwisho. Kama hajapima, msindikize. Vipimo vya VVU hutolewa bure katika vituo vya serikali, na majibu yake hupatikana siku hiyo hiyo.